Posa Iliyokatizwa Kisumu Ndogo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ukumbi wa kanisa pale Kawangware, Mwelekezi wa kikundi chetu cha maigizo alinikabidhi mswada na kigoda nyuma ya pazia. "Wewe ni mnong'onezi," akaniambia. "Mwigizaji akisahau, mpe maneno mawili ya mwanzo. Watazamaji wakikusikia, umeharibu." Niliifanya kazi hiyo hadi nikastaafu, ingawa vijana wa leo mnadhani kuigiza ni kuropoka mbele ya simu.

Baadaye kikundi kilihamia Kibera, Kisumu Ndogo. Hapo tuliigiza komedia ya Kifaransa ya karne ya kumi na nane, ambamo watumishi wanafanya mazoezi ya mchezo wa mapenzi hadi wenyewe hawajui lipi ni la kweli. Mwelekezi aliitafsiri na kuivika desturi zetu: mchumba hakuleta pete, alileta wazee, sukari na kreti za soda. Otieno, fundi wa kuchomelea, alimposa mwigizaji mwenzake, Wanjiru, jukwaani. Akinyi, mchumba wa kweli wa Otieno, aliigiza mtumishi. Wazee wa Otieno walikuwa wameshafika kwa kina Akinyi, na shangazi yake Akinyi ndiye aliyewapokea.

Shangazi huyo alikuja kutazama. Kreti zilipoingia, akapanda jukwaani.

"Otieno! Juzi ulikuwa kwetu, leo uko kwa wengine? Akinyi, twende. Hii ndoa imeisha!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, watu wakidhani ndiyo mchezo wenyewe. Mwelekezi akaniambia, "Wacha iendelee." Nilimkasirikia sana. Akinyi alikuwa analia kweli kweli.

"Anti, hii ni kuigiza tu," Otieno akasema. "Mimi nataka Akinyi. Nikimkosa huyu, sioi."

"Hata hayo umefundishwa! Si kuna mtu huko nyuma anawaambia cha kusema?"

Nikatoka nje ya pazia, jambo ambalo mnong'onezi hafanyi, nikamnyooshea mswada. Hakuushika. Alimtazama Akinyi, ambaye kwa mazoezi mengi alikuwa amekariri maneno ya kila mtu.

"Anti, hayo hayako kwa skripti," Akinyi akasema, akijifuta machozi. "Hapo ni yeye mwenyewe ameongea."

Shangazi akaketi juu ya kreti ya soda, papo hapo jukwaani, akaamuru tuendelee.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza ni maneno gani ya jukwaani niliyoyapenda kuliko yote. Huwatajia yale ya Otieno, ambayo sikumpa mimi.