Picha ya Deo

Siku ambayo mpaka leo hainitoki kichwani, mwanangu, ni Jumamosi moja ya masika nilipoingia kwenye duka la steshenari Kibondo mjini, viatu vimejaa tope jekundu, nikafungua imeili ya kigango na kukuta ujumbe wa Kirundi. Barua taka nilishazizoea. Kila wiki zilikuja za Kiingereza: umeshinda gari, umerithi shamba, mjane fulani amekuchagua wewe. Hizo nilizifuta huku napiga miayo. Lakini hii ilianza na "Amahoro, Mama," ikamtaja Mama Konsolata wa kwetu kwa jina, ikautaja na mguu wake unaomsumbua, na mwisho ikasema: ni mimi mwanao Deo, nimekutumia picha yangu, bonyeza hapa uione.

Nimekuita kwa sababu imeili hiyo sasa unaishika wewe, katibu mpya. Mimi nimechoka. Macho hayaoni vizuri kwenye simu, na maneno haya sitaki kuyarudia tena, kwa hiyo nisikilize.

Siku hizo kigango kizima tulikuwa na anwani moja. Ndugu zetu waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wakapelekwa nchi za mbali, na wengine waliojiondokea wenyewe kutafuta maisha, wote waliandika humo humo. Mimi nilikuwa katibu. Jumamosi naenda mjini na baiskeli, magoti bado yalikuwa yangu, nachapisha karatasi, na Jumapili baada ya misa nasimama kwenye matangazo nasoma: familia fulani, kijana wenu kapata mtoto, familia fulani, dada yenu anaumwa. Watu wanapiga vigelegele, wengine wanalia. Raha ilikuwepo, nisiseme uongo. Ila vijana wa kwaya walikuwa wakirekodi matangazo yale na kuyarusha mtandaoni, na anwani yetu wameiweka hapo hapo chini. Basi mguu wa Mama Konsolata ukajulikana hata kwa watu wasiojua Kibondo iko wapi.

Deo ndiye mtoto pekee aliyembakia mama yule. Aliandika akiwa safarini, kisha kimya, miaka na miaka. Na njia ya kumfikia mama yake aliyoijua ilikuwa anwani ile tu, nyingine hana.

Nilibonyeza. Picha haikuja. Ulikuja ukurasa unaotaka niandike paswedi ya imeili ndipo picha ifunguke. Hapo nikasita. Mtu anataka kukuonyesha sura yake, paswedi yako ya nini?

Jumapili nikasimama, nikatangaza: "Mama Konsolata, kuna matapeli wamejifanya Deo. Hatutawajibu." Nikakaa, najiona nimefanya kazi. Kumbe yeye alisikia neno moja tu.

"Deo ameandika?" akainuka. "Katibu, Deo ameandika?"

Kanisa likalipuka. "Fungua hiyo picha! Paswedi ni mali ya baba yako?" Nilitukanwa siku ile, we acha tu.

Katekista wetu, Mzee Bukuru, akanishika mkono mpaka nyuma ya kanisa. "Una akili ya kompyuta tu wewe? Unamwulia mama wa watu mtoto wake kwenye matangazo, katikati ya mchango wa mabati na zamu ya kufagia? Nenda kwake. Ukae."

Nikaenda. Alikuwa anapukuchua maharage, akanisogezea kigoda. Akaniuliza, "Na kama ni yeye?"

Nilimwambia, "Mama, sijui. Lakini tukiwapa paswedi na kumbe siye, wataibadilisha watufungie nje. Siku Deo mwenyewe akiandika, hatakuwepo wa kumpokea."

Nikaanza kumsaidia maharage. Kisha akasema, "Muulize yule mbuzi aliyemlilia tulipomuuza aliitwa nani. Hilo hujalisoma kanisani." Tukacheka kidogo, wote wawili.

Jumamosi iliyofuata niliandika swali hilo kwenye anwani ya zamani ya Deo, na kwenye hii mpya pia. Ya zamani, kimya. Mpya ikajibu kabla sijainuka kwenye kiti: Mama, hakuna muda wa maswali, fungua leo, kesho picha inafutwa. Loo! Mwana gani huyo asiye na muda na mama yake?

Nilipompelekea habari, hakulia. Alisema tu, "Wiki nzima nilikuwa na mtoto, katibu. Hata shuka nilimfulia." Mimi ndiye niliyelia, njiani, huku nasukuma baiskeli.

Ndiyo maana, mwanangu, tuliacha kusoma habari za watu kanisani, tukawaomba vijana waiondoe anwani mtandaoni. Tangu hapo kila familia nimekuwa nikiipelekea ya kwake nyumbani. Paswedi niliibadilisha siku ile ile. Nawe uibadilishe leo, uijue wewe na katekista basi. Ile namba ya siri inayokuja kwenye simu usimtajie mtu yeyote, hata akijiita mwenye mtandao. Anayekuharakisha, muache asubiri. Anayejiita ndugu, muulize jambo la nyumbani, tena kwa njia nyingine uliyoijua tangu zamani. Linki usibonyeze kama nilivyobonyeza mimi.

Na zile zilizotupwa kwenye barua taka, usizifute kwa mkupuo. Najua zinachosha, ni upuuzi mtupu, magari na dawa za kuotesha nywele. Lakini mashine nayo hukosea, humtupa mtu wa kweli pamoja na wezi. Mimi nimezisoma zote, moja moja, kila Jumamosi ya miaka hii yote. Mama Konsolata yu hai, na Deo anaweza kuwa humo.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo usiochoka upesi. Na siku utakayobahatika kumpata, usisubiri Jumapili. Kimbia.