Swali la Dirisha la Tatu

Siku tunamzika mjomba aliyenilea, kule Kisesa, mimi nilikuwa chini ya turubai nikipigapiga magoti kwa vidole kama mtu aliyerukwa na akili. Waombolezaji walinitazama, nikaona haya. Lakini haya ilikuwa ndogo kuliko mengine.

Wakati ule nilikuwa nahudumia kompyuta ya mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyekuwa akizalisha vifaranga vya sato kwenye matangi mawili ufukweni, upande wa Mkuyuni. Watu walimcheka: ziwa zima liko mbele yake, naye anafuga samaki kwenye matangi! Uzao wake wa kwanza ulikuwa umefikia ukubwa wa kuchukuliwa na wafugaji, na wangekuja Jumamosi. Aliwazungumzia vifaranga wale kama darasa linaloingia kwenye mtihani.

Samaki waliobanana hivyo hawaishi bila pampu ya hewa, na pampu nilikuwa nimeiunganisha na kompyuta. Nilitumia tmux, programu inayokigawa kioo kimoja kuwa madirisha mengi, kila dirisha na kazi yake. Niliipanga ijiendeshe yenyewe: umeme ukirudi, kompyuta inaamka na madirisha yanajifungua, la kwanza joto la maji, la pili ujumbe wa simu, la tatu pampu. Mwalimu hakutakiwa kugusa kitu. Nilijiona fundi kweli kweli. Kwa kujiona huko nikabadilisha na vitufe vya kuhamia dirisha jingine, nikaweka ninavyovipenda mimi, na ule mstari wa chini unaotaja majina ya madirisha nikaufuta, eti unaharibu sura. Swichi ya ukutani ya pampu niliing'oa kwa mikono yangu mwenyewe, maana nilichoka na watu kuizima wakidhani ni ya taa.

Wiki moja kabla ya msiba niliongeza swali. Nilikuwa nimekosea amri na pampu ikajiwasha fundi wa pampu akiwa ameifungua, kwa hiyo nikaiagiza kompyuta iulize kwanza kabla ya kuiwasha. Nikaijaribu mara tatu. Mara zote swali lilikuja, nikajibu, nikaenda zangu nyumbani Mabatini kupumzika. Haikunijia kabisa kwamba nisipokuwepo hakuna wa kujibu.

Simu iliita tukiwa tunasubiri mwili uletwe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba." Hata siku ile hakuruka salamu. "Umeme ulikatika, sasa umerudi. Kompyuta imewaka vizuri, joto naliona. Lakini maji yametulia tu, hayachemki hewa. Vifaranga wanapanda juu wanatweta."

Nilielewa papo hapo. Swali lilikuwa linasubiri kwenye dirisha la tatu, naye alikuwa anatazama la kwanza. Alihitaji kubonyeza vitufe viwili, kisha kimoja, dirisha lije, ajibu, basi.

"Bonyeza," nikasema, nikakwama.

Sikuvijua. Vidole vyangu ndivyo vilivyovijua, mdomo wangu haukuwahi kuvitaja. Nikaibana simu kwa bega, nikaweka mikono magotini, nikajaribu kuchapa pale kwenye suruali. Kidole kidogo cha kushoto kilishuka pembeni, cha pili yake kikapanda. Kikapanda kwenye nini? Nikamtajia herufi moja.

"Hamna kitu."

Nikamtajia nyingine.

"Kioo ni kilekile, mwanangu. Harakisha."

Nikaanza upya kwenye magoti. Mama mdogo, dada wa marehemu, alikuwa amekaa karibu yangu na aliona vidole vinavyocheza. Alijua nilivyompenda kaka yake. Akasogea, akanishika mikono yote miwili, akaikumbatia kifuani pake na kuanza kusali kwa sauti. Turubai zima likainamisha vichwa. Ningeivutaje mikono? Simu ikateleza hadi kwenye mkeka, nikamsikia mwalimu kwa mbali, "Mwanangu? Upo, mwanangu?" Hapo nikalia kweli, na mama mdogo akazidi kunibana. Nilimlilia mjomba, nikawalilia na wale samaki, na sikuweza kutenganisha vilio hivyo viwili.

Nilipoipata simu, mwalimu alikuwa anahema.

"Acha tu," akasema. "Tunachota maji kwa mabeseni tunayamwaga kutoka juu, yapate hewa. Wewe kazike."

Nikazika. Jua lilikuwa bado halijazama nilipofika ufukweni. Tangi la kwanza lilikuwa hai. La pili lilikuwa limejaa matumbo meupe, maana mikono haikutosha matangi yote mawili. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, gauni limelowa mpaka kiunoni, beseni mapajani. Alinipa pole ya msiba tena. Hakunigombeza, na ningeshukuru kama angenigombeza.

Nikakaa kwenye kompyuta. Vidole vikaenda vyenyewe, mara moja tu, dirisha la tatu likafunguka. Mwalimu akaja nyuma yangu, akavaa miwani, akasoma kwa ile sauti yake ya darasani.

"Niwashe pampu? Ndiyo au hapana."

Akalisoma tena, kimoyomoyo.

"Ndilo lililokuwa linaulizwa muda wote huu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hilo ningelijibu," akasema.