Mwanamke wa Kiti cha Kushoto

Mume wangu alipopata ajali, mimi nilikuwa milimani kwa mama yangu, nimelala na malaria. Habari zilinifikia kesho yake kwa mchukuzi wa ndizi aliyekuwa akipanda kutoka mjini: gari limegongana na lori karibu na Mikese, mwenyewe yu hai, mfupa wa bega umevunjika. Niliteremka Morogoro nikiwa bado natetemeka, mama kanishika mkono mteremko mzima.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya mtumba. Ulikuwa wakati wa soko huria, kila mwenye uthubutu akitafuta gari kuukuu kutoka Dubai au Japani, na sisi tulijinyima miaka mingi mpaka tukapata letu. Mume wangu alipeleka kabichi na karoti za Uluguru sokoni Dar es Salaam na kurudi na gari tupu. Hata bima ilikuwa imebadilika. Zamani ilikuwa ya serikali pekee. Sasa makampuni binafsi yalikuwa yamefungua ofisi mjini, na lori lilikatiwa bima kampuni moja, pikapu yetu nyingine. Tulikuwa na bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga lakini wewe mwenyewe haikutengenezei gari. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea jambo moja: nani alihama upande wake. Dereva wa lori alisema ni mume wangu. Mume wangu akasema ni lori. Magari yalikuwa yamesogezwa ili njia ipitike kabla trafiki hawajafika, na mchoro wao haukumsaidia yeyote.

Nilimsindikiza kwenye ofisi ya kampuni yetu kwa kuwa mkono wake ulikuwa umefungwa. Ofisa wa madai alikuwa mtu mpole. Alisikiliza yote, kisha akauliza yule mama aliyekuwa naye garini yuko wapi, maana angefaa sana kuwa shahidi. Mume wangu akasema alikuwa peke yake. Ofisa akaeleza kwamba dereva wa lori na watu wa pale kijijini wote wametaja mwanamke katika kiti cha kushoto. Mume wangu akarudia kwamba alikuwa peke yake, ila safari hii alisema akitazama sakafu.

Mwanamke ambaye mume anamficha hata pale ushahidi wake ungeweza kumwokoa, kwangu alikuwa mwanamke wa aina moja tu. Siku chache baadaye niliaga kwamba naenda kumwona shangazi, nikapanda basi la Dar na kushuka Mikese.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Nilipanga kuuliza kwa hila, kama mtu anayetafuta ndugu, lakini sikupata nafasi. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha aliniona tangu nashuka, akaacha sufuria lake na kunijia. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, akanishika mabega, akanigeuza huku na huku kama unavyomkagua mtoto aliyeanguka.

"Afadhali umepona, mwanangu," alisema. "Tulikutafuta siku ile. Mzee wako hajambo?"

Nilidhani amenifananisha. Nikamwambia sijawahi kushuka hapa. Alinitazama kwa huruma, kama wanavyotazamwa watu waliogonga kichwa, akawaita wenzake. Wakaja wawili, na wote wakanijua. Mmoja alikumbuka kanga niliyojifunga, akataja rangi zake na hata mahali ilipochanika. Kanga hiyo ndiyo niliyojifunika kwa mama siku zote za homa. Walinionyesha jiwe nililokalia kando ya mtaro, karibu na vipande vya vioo vilivyokuwa bado vinametameta kwenye majani. Walisema nilishuka mwenyewe, bila hata mkwaruzo, nikaketi. Wakanipa maji kwenye kikombe. Nilikishika tu, sikunywa. Walipomaliza kumtoa mume wangu garini na kugeuka, sikuwapo.

Niliuliza kama nilisema lolote.

Yule mama wa mahindi ndiye aliyenijibu. "Ulisema mara moja tu. Ulisema, 'Amesinzia. Nimemwita, ameamka kachelewa.'"

Mama yangu alikuwa bado kwetu mjini, akiniuguza. Nilimkuta uani akichambua mchicha. Nilimweleza yote kwa Kiluguru, maana kwa Kiswahili yalikataa kutoka. Hakushangaa kama nilivyotarajia.

"Maji waliyokupa," aliuliza, "uliyanywa?"

"Wanasema sikunywa."

Akashusha pumzi, akarudi kwenye mchicha wake. Nilipomuuliza ingekuwaje kama ningekunywa, aliniambia nikaoge, nimejaa vumbi la safari.

Jioni nilimwambia mume wangu nilikokwenda. Nilitegemea akane, au akasirike kwamba nimempeleleza. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye yale maneno, akafumba macho. Akanieleza kwamba alilala kwenye usukani kwa joto na uchovu, na ndani ya usingizi akasikia sauti yangu kushotoni kwake ikimwita, taratibu, kama ninavyomwamsha chakula kikiwa tayari. Alipofumbua macho alikuwa upande wa lori. Akakata usukani, wakagongana ubavuni badala ya uso kwa uso.

"Ulikuwapo," alisema. "Nilikuona. Niliposema niko peke yangu, nilishindwa kumtazama yule bwana."

Tulirudi kwa ofisa. Mume wangu akakiri kwamba alisinzia na yeye ndiye aliyehama upande. Kuhusu mwanamke, akasema tu hana shahidi wa kumleta. Ofisa alinigeukia, akaniuliza kama siku ile nilikuwa safarini. Nikajibu nilikuwa mgonjwa, nimelala kwa mama yangu. Ilikuwa kweli, lakini nilisikia sauti yangu ikitetemeka kama ya mtu anayedanganya. Kampuni yetu ikagharamia lori. Pikapu tuliiuza vipande vipande, na bega lilipopona mume wangu akaajiriwa kuendesha gari la mtu mwingine.

Hapo ndipo tulipoanza kutofautiana, jambo ambalo hatukumsimulia yeyote. Kila alipokuwa na safari ya mbali aliniomba nilale mchana. Hakunilazimisha, aliniomba kwa sauti ya chini, huku akitafuta funguo. Aliamini nikilala nitamfuata garini, naye atakuwa salama. Mimi sikuweza. Yule aliyeketi Mikese alirudi mwilini mwangu, na sikujua ni nini kilichomrudisha, wala kama angerudi mara ya pili. Nilikaa uani na cherehani yangu, nikinawa uso kila usingizi uliponijia, mpaka nisikie mlango wa mbele ukifunguliwa. Aliponiuliza kama nililala, nilimjibu kwamba nililala.