Kilemba cha Wifi

Katika chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Wembe, na jina hilo hakulikataa. Msimamizi akitaka kumkaripia alianza kwa kukohoa, akaishia kumuuliza habari za watoto. Wauguzi waliosahau sindano ndani ya mashuka walitupa furushi mlangoni wakatimua mbio, maana Wembe akikukamata hapo atakutajia mpaka jinsi ulivyolelewa.

Kazi yake ilikuwa kukunja, naye alikunja na wifi yake, dada wa mumewe. Shuka la hospitali ni refu. Ukilikunja peke yako linaburutika sakafuni na kurudi kufuliwa upya. Basi mmoja anashika pembe za huku, mwenzake za kule, wanalivuta likanyooka, halafu wanasogeleana mpaka mikono ikutane. Kazi yenyewe alitafutiwa na wifi, mume alipomwachia watoto akaenda kuanza maisha kwingine. "Kaka yangu ndiye aliyekuacha," wifi alimwambia. "Mimi sijakuacha."

Wifi hakuvua kilemba mbele ya watu. Utotoni alimwagikiwa na maji ya moto, na nusu ya kichwa haikuota nywele tena. Pale kazini aliyejua ni Wembe tu, kwa kuwa ndiye aliyempaka mafuta kovu likikaza.

Asubuhi moja akaingia mwanamume wa shati jeupe na tai, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Hakusalimia.

"Mkubwa wa hapa nani?"

Wote wakamtazama Wembe.

"Natoka ofisi kuu. Mashuka yanapotea. Mpekue huyu," akasema, akimwonyesha wifi.

Wembe akacheka. "Huyu? Baba, umekosea mlango. Huyu hata kipande cha sabuni hajawahi kutoka nacho."

"Naelewa, mama. Anza na mfuko wake."

Laiti angefoka! Watu wa kufoka Wembe aliwajua dawa yao. Huyu alisema polepole, kama daktari anayekuambia uvute pumzi. Wembe akafungua mfuko: kitana, chupa ya maji, dawa ya mgongo.

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Endelea. Sasa kitenge."

"Wifi, vumilia," Wembe akanong'ona, "tumalize aende zake." Akakifungua kitenge, akakikung'uta. Wifi alibaki na gauni lake, anamtazama tu.

"Sasa kilemba."

Mikono ya Wembe ikasita. "Kilemba tuache, baba. Huyu mtu mzima."

"Endelea, mama. Utaratibu unataka umalize ulichoanza."

"Na lawama?"

"Lawama zote nabeba mimi."

Aliposikia hivyo, Wembe alishusha pumzi. Ukweli ndio huo, hata uchukize: alijisikia ametuliwa mzigo.

"Wifi," akasema wifi, kwa sauti ndogo, "usinivue."

Akamvua.

Mashine ziliendelea kuzunguka. Binti mmoja wa kupiga pasi akaziba mdomo. Mwingine kicheko kikamtoka.

Hapo mlango wa stoo ukafunguka, akatoka profesa wa chuo na wanafunzi wake, mmoja kashika kamera. Profesa akaeleza kwamba wanachunguza kwa nini watu wanatii mtu akionekana mkubwa. Mwenye tai ni mwanafunzi. Hakuna shuka lililopotea. "Hongera, mama, umetusaidia sana."

Hongera! Watu na shule zao.

Na wifi alikuwa anajua. Walimuuliza mapema Wembe atafikishwa wapi, akawaambia: mfukoni atafika, kiunoni labda, kichwani hafiki. "Simjui mimi? Hata mkimwekea bunduki hanivui." Kwa uhakika huo akakubali.

Ndipo ulimi wa Wembe ukarudi, wakati hauna kazi tena. Aliwatukana wote mpaka mwenye kamera akajificha nyuma ya profesa. Kisha akamgeukia wifi. "Na wewe ulikuwa nao! Umenitega!"

Wifi alikuwa anafunga kilemba. "Nimekutega," akasema. "Na wewe ukaingia."

Tangu siku hiyo walikunja bila maneno. Wakikutana katikati, wifi alitazama shuka. Jina la Wembe nalo likafa. "We Endelea, lete ndoo!" mabinti wa pasi waliita, wakafa kwa kucheka. Yeye alileta ndoo.

Hatimaye wifi akafungua kinywa. "Zile picha watawaonyesha wanafunzi wao kila mwaka. Kichwa changu hicho. Mimi nilishawaruhusu kabla, kwa ujinga wangu wa kukuamini. Imebaki ruhusa yako. Kawakatalie."

"Nitawakatalia."

"Utaweza?"

Wembe aliulizwa hivyo, na hakuwa na haki ya kukasirika.

Njiani alitayarisha matusi ya kila aina. Lakini huko chuoni, profesa alipoingia ofisini, Wembe alijikuta amesimama wima, mfuko kaukumbatia, kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu, yeye ambaye hata darasa la kwanza hakulikalia.

"Mama, picha hizi zitafundisha wengi. Ningeomba ukubali."

"Sitaki."

Profesa akavua miwani. "Una uhakika?"

"Sitaki zionyeshwe."

"Haya. Tutazifuta."

Akamwita yule kijana wa tai. Leo kavaa fulana na ndala, rika la kitinda mimba wa Wembe. "Shikamoo, mama," akasema, macho chini. Akazifuta Wembe anaona, akatoka kwa kunyata.

Wembe aliendelea kusimama. Alikuwa anangoja wamtishe, wambembeleze, walete mlinzi. Hakuja mtu.

"Kuna jingine, mama?"

"Hakuna."

Wifi alikuwa kwenye meza ya kukunjia. "Umewaambia?"

"Nimewaambia. Wamezifuta."

"Ulisemaje?"

"Nilisema sitaki."

"Wakasemaje?"

"Wakasema haya."

Wifi akangoja kama kuna zaidi. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Wifi akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile. Wembe akatamani wifi amtukane, hata amzabe kofi.

"Kumbe hilo neno unalijua," wifi akasema.

Wembe akaingia chooni, akafungua bomba ili wasimsikie akilia. Msimamizi alipogonga mlango na kuuliza anafanya nini mle wakati kazi zimejaa, alijikuta ameshajibu, "Naja, bosi," na uso ameshaufuta.