Mpaka Rangi na Marehemu Seremala

Mwaka ule ofisi zote za bandari zilipoamriwa kupakwa upya, kiangazi kizima kilinuka chokaa. Mpaka rangi alikuwa kijana mwembamba mwenye ngazi yake mwenyewe na madoa meupe kwenye kope, naye alipewa upande wa jengo unaotazama maji. Juu ghorofani, nyuma ya dirisha la pembeni, alikaa msichana aliyeunganisha simu. Kazi yake ilikuwa kusema maneno machache tu, "Subiri," "Endelea," "Laini ina shughuli," lakini aliyasema kwa sauti ya kumfanya nahodha mwenye haraka asahau alikuwa akimtafuta nani. Kijana alilipaka dirisha lile, akalikwangua, akalipaka tena. Siku moja msimamizi wake alisimama chini ya ngazi akauliza kwa upole iwapo dirisha hilo lina njaa, maana limekula rangi kuliko ukuta mzima.

Walioana kabla mvua hazijaanza.

Tangu siku za mwanzo mume alikuwa mtu wa wivu. Haukuwa wivu wa kufoka. Ulikuwa wa kukaa kimya na kusugua brashi iliyokwisha kutakata. Mkewe alizungumza kutwa na wanaume asiowaona sura, naye jioni alimsikiliza akisalimiana na majirani, akipima moyoni kama sauti anayopewa yeye nyumbani ndiyo ileile wanayopewa wengine, au ni makombo yake. Mke alilijua hilo na hakulikuza. Alipoudhika, alimjibu kwa lugha ya ofisini: "Laini ina shughuli." Watoto walilichukua neno hilo wakakua nalo.

Miaka ikaenda. Mitambo ya simu ikabadilika, watoto wakaoa na kuolewa, mke akastaafu. Ndipo mji ukagundua kwamba una majumba. Yale majengo ya kale ya ufukweni, yenye roshani za mbao na matao mazito, ambayo watu walikuwa wakianika nguo mbele yake bila kuyatazama, yakawa kitu cha kupigwa picha. Yakaanzishwa matembezi ya kila Jumamosi asubuhi, toka forodha ya zamani hadi kwenye kona ya mawakala wa meli, na aliyetafutwa kuyaongoza alikuwa mtu mwenye sauti.

Mama yule alivaa viatu vya turubai na kofia pana, akashika mwavuli, akageuka kuwa binti tena. Aliwaonyesha wageni mahali pa kusimama ili jua liwe mgongoni, akawangoja wapige picha, kisha akawasimulia. Alimtaja mwashi aliyejenga matao, na mfanyabiashara aliyefilisika kwa sababu ya ngazi za marumaru. Zaidi ya wote alimtaja seremala mmoja aliyechonga nakshi za roshani akiwa karibu kupofuka, akizipapasa kwa vidole. Hapo wageni walishusha kamera zao na kuguna.

Mumewe aliyasikia hayo akiwa juu ya ngazi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa palepale. Kila ukuta uliopigwa picha, yeye ndiye aliyeupaka, baadhi yake tangu ujana. Alingoja Jumamosi ya kwanza atajwe, akangoja ya pili, akangoja kipupwe kizima. Seremala, aliyekufa kabla babu zao hawajazaliwa, alitajwa kila wiki kana kwamba jana alikunywa chai nyumbani kwao.

Rafiki yake mpiga lipu, ambaye hakuwahi kumwacha mtu na siri yake, alimwona akizitumbulia macho nakshi za seremala, mzee wa watu aliyekwisha kuwa mavumbini.

"Ndugu yangu, wanaume wengine huwaonea wivu madaktari," alimwambia. "Wewe umemchagua marehemu. Atakujibu nini?"

"Ndiyo maana ananishinda," alisema mpaka rangi. "Hakosei tena."

Jioni, akijisugua mikono kwa mafuta, alimwuliza mkewe kama alipata kumjua seremala yule.

"Ningemjua wapi, baba watoto?"

"Unavyomtaja."

Mke aliweka kikombe chini. Alieleza bila hasira kwamba wageni wale hutoka mbali kutafuta kitu kilichozeeka chenyewe, na wakisikia kwamba rangi ni ya mwaka juzi, hawataitazama tena.

"Ukuta hauzeeki wenyewe, mama. Mimi ndiye ninayeuzeesha."

Na kweli ndiyo ilikuwa kazi yake: kuchuja chokaa, kuitia unga wa rangi ya maziwa na chembe ya kahawia, mpaka ukuta mpya uonekane umepakwa na watu waliokwisha kusahauliwa. Kadiri alivyoifanya vizuri, ndivyo alivyozidi kutoonekana. Jambo hilo alipanda nalo ngazini wiki nzima.

Ijumaa aliyofika kwenye nyumba ya mawakala wa meli, pale konani, aliweka kando unga wa rangi ya maziwa. Akafungua kopo la buluu lililoachwa na kazi ya shule fulani, akalimimina lote kwenye chokaa. Alipaka mpaka jua likazama, akaenda kulala bila kusema neno.

Kesho yake alisimama ng'ambo ya barabara pamoja na mpiga lipu, akijifanya kuosha brashi ndooni. Kundi lilikuwa kubwa, na miongoni mwao alikuwamo msimamizi wa majengo ya kale, mtu aliyeweza kumwondoa fundi yeyote ufukweni kwa neno moja. Mkewe alikuwa katikati ya habari za seremala, vidole hewani, wageni walipouona ukuta. Waliondoka mbele yake mmoja mmoja, kisha kwa pamoja, kama watoto waliosikia kengele. Walipigana picha wakiuegemea, na migongo yao ikapata buluu. Mama yule akabaki na vidole vyake hewani, na hapana aliyekuwa akimtazama.

Mpaka rangi alikuwa ameingojea furaha saa hiyo. Haikuja. Alimwona mkewe alivyoshusha mkono, na kwa mara ya kwanza akaijua hali yake mwenyewe ilivyoonekana kutoka nje.

"Nani aliyeipaka hii?" mgeni mmoja aliuliza.

Msimamizi naye aligeuka kutaka jibu. Mke alitazama ng'ambo ya barabara, moja kwa moja kwenye ile ndoo.

"Mtu mwenye wivu," alisema, kwa sauti ile ya dirishani. "Tuendelee, kuna tao zuri mbele."

Watu wakacheka. Msimamizi pia alicheka, akiamini ni mzaha, na Jumatatu aliagiza tu ukuta urudishwe ulivyokuwa, bila kuuliza zaidi. Nyumbani laini ilikuwa na shughuli siku nyingi.

Mpaka rangi aliufunika ukuta kwa chokaa ya rangi ya maziwa, akarudia, akarudia tena, mpaka buluu ikapotea. Lakini chokaa ikilowa huacha kuficha kilicho chini yake. Mvua za kwanza zilipoupiga ukuta, ile buluu ilijitokeza taratibu, nyepesi, kama mshipa chini ya ngozi, na jua lilipotoka ikarudi ndani. Wageni waliokuwa chini ya miavuli hawakuwa wamewahi kuona kitu kama hicho. Tangu hapo, Jumamosi za mvua, mama aliwapeleka kwanza konani, akawangojesha. Waliouliza walipewa jibu lilelile. Jina la mumewe hakulitaja hata siku moja, lakini kabla ya kujibu alikuwa akimtafuta kwa macho. Mzee akaanza kutazama mawingu tangu Ijumaa, na kiangazi kilipokawia kwisha alinuna kama mtu aliyenyimwa barua. Kuhusu seremala hakusamehe kabisa.

Magoti ya mama yalipokataa, matembezi yalipewa msichana mwenye kipaza sauti. Habari ya mwisho tuliyo nayo ni ya Jumamosi moja ya manyunyu. Mzee alibeba kiti toka nyumbani, akakiweka mbele ya ukuta wa kona, akamketisha mkewe na kumfunika kwa mwavuli. Mgeni mmoja kijana aliomba kumpiga picha bibi akiwa peke yake, na ile buluu nyuma yake. Mzee alimsikia vizuri. Aliukunja mwavuli ili usizuie uso wa mkewe, akasimama nao ubavuni pa kiti, ndani ya picha, wala hakusogea.