Mafiga ya Mama Bolumbu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilivaa kaptula iliyopigwa pasi hadi ikawa ngumu kama ubao, nikaripoti kwa Bwana Ajenti, Mbelgiji aliyesimamia mambo ya ardhi hapa Kisangani. Hakunisalimu.

"Unaandika muzuri?"

"Ndiyo, Bwana."

"Bon. Chukua wino, tunaenda."

Kazi yetu iliitwa uchunguzi wa ardhi tupu. Kampuni ikitaka kupanda kahawa mahali, sisi tulitangulia kuuliza kama pana wenyewe. Tukiandika hapana, pori lilihesabiwa kuwa mali ya serikali, nayo ikalikabidhi kwa kampuni. Ajabu ya utaratibu ule ni kwamba tuliwauliza wanaume tu, tena tukiwa barabarani.

Katika kijiji kimoja cha njia ya Opala, kapita, yaani mkuu wa kijiji, aliutazama msitu akasema hajui. Hakudanganya, kwao mashamba ni mambo ya wanawake. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa kujivunia: "Pori tupu, hakuna mtu."

Mwanamke mmoja, Mama Bolumbu, alitua kikapu chake cha mihogo. "Karani, unaandika nini?"

Nilipomwambia, akacheka kwa hasira. "Hakuna mutu? Na mimi niko nani? Kuja uone."

Tulimfuata, Bwana Ajenti akinung'unika. Chini ya miti michanga alifyeka majani kwa panga, yakatokea mafiga matatu, meusi kwa moshi wa zamani. Wanawake wa kijiji kile waliyaacha mafiga yao shambani walipopumzisha udongo, wapate kurudi palepale miaka ikipita.

"Hii haiko pori," alisema. "Iko shamba yangu, inalala. Ile kule iko ya dada yangu."

"Alors, karani, fomu imekwisha kuandikwa," akasema Bwana Ajenti. "Twende."

Kazi ilikuwa changa, na mke wangu mjamzito. Lakini sheria ya uchunguzi ule iliagiza kila dai liandikwe, na mimi nilikuwa nimeisoma.

"Bwana, tukiacha dai lake, shauri likifika mahakamani hakimu atauliza ni nani aliyeandika hakuna mtu."

Alinikodolea macho, kisha akaketi juu ya gogo. "Andika basi. Upesi."

Upesi haukuwapo. Wanawake walikuja, tukaenda shamba kwa shamba, nikaandika majina, wakatia dole gumba. Kampuni ilipeleka shauri mahakamani. Hakimu aliisoma orodha ile yote, akaamua ardhi ibaki kwa wenyewe. Habari ilipofika nililia ofisini mbele ya watu, wala sikuona haya.

Nilistaafu nikiwa karani mkuu. Wanasheria vijana huja kuniuliza ni kifungu gani kilichowaokoa wale mama. Nawatajia. Kisha nawaambia lisilokuwamo katika faili: mama yangu naye alipumzisha mashamba namna ileile, nami nilikula mihogo yake tangu utotoni. Nilijua, na bado niliandika hakuna mtu. Kwa hiyo msinishukuru mimi. Mkifika kijijini, wasomeeni watu mlichoandika kabla wino haujakauka.