Nilimwambia Asubiri Siku Mbili, Nikijua Tatizo Liko Wapi

Kosa ni langu. Sikulewa, sikulogwa, wala sikutumwa na mtu. Nilimwonea wivu binti aliyenizidi kazi, nikammaliza huku nikimchekea.

Nitamwita Elinipa, ingawa si jina lake. Mimi nina miaka arobaini na sita, ni fundi wa kompyuta kwenye kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, njia ya kwenda Kisongo. Tunapandisha wageni Mlima Meru. Kwa miaka tisa, kila kitu chenye waya pale kilikuwa changu!

Elinipa akaja kutoka kwao Meru, kwenye migomba na kahawa. Mdogo, mpole, amehitimu juzi tu, yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Wiki ya pili, Mama, ndivyo tunavyomwita mwenye kampuni, akasema mbele ya wote wakati wa chai, "Jamani, sasa tumepata mtaalamu."

Sasa! Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa mpiga deki? Andazi nililirudisha kwenye sahani, naapa.

Kisha akampa kazi ya kuweka seva mpya ya majina. Kwa asiyejua, hiyo ndiyo humwelekeza mtu aliyeandika jina la tovuti yako mpaka aifikie. Ikikaa kimya, kwa watu wa nje wewe hupo. Kazi ile niliililia mimi tangu mwaka juzi, akapewa yeye!

Na aliifanya vizuri. Nilipekua mafaili yake nikitafuta kosa, nikalikosa. Hapo ndipo roho iliniuma zaidi.

Jumatatu akaiwasha. Saa sita akaja mezani kwangu ameshika simu.

"Kaka, samahani. Kwenye kompyuta za hapa ofisini tovuti inafunguka. Kwenye simu, nikitumia bando langu, inagoma. Nimekosea wapi?"

Nilijua papo hapo. Fayawoli, ule ukuta wa ulinzi wa mtandao wetu, ilikuwa inazuia maswali ya kutoka nje yasiifikie seva yake. Mlango ule niliufunga mwenyewe zamani, na nenosiri lilikuwa kwangu peke yangu. Kuufungua ni dakika moja.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, majina mapya huchukua hadi siku mbili kusambaa duniani. Tulia, usiguse kitu."

Mafundi wenzangu mtanielewa. Uongo ule ni mtamu kwa sababu nusu yake ni kweli, na kila mmoja wetu ameshamtuliza nao mteja. Elinipa aliniamini. Akanishukuru!

Jumanne hakula. Alisoma faili mstari kwa mstari, akaizima seva, akaiwasha tena. Nikapita na sahani yangu ya makande nikamwuliza, "Bado tu?" Yesu wangu, nilivyofurahi! Mtu mzima hovyo.

Jumatano wakala wa wageni akampigia Mama. Watu kumi na wawili waliotaka kupanda Meru nasi walijaribu kufungua tovuti, wakaona haipo, wakadhani sisi ni matapeli. Wakaenda kampuni nyingine. Waongozaji, mpishi na wapagazi walikuwa wameshaahidiwa safari ile.

"Elinipa, umeniaibisha!" Mama alifoka. "Siku tatu unabonyeza tu!"

"Mama, kaka aliniambia nisubiri..."

Mama akanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, jamani, nilikuwa nayo! Nikasema, "Nilimwambia asubiri kama ana uhakika na kazi yake. Hebu nitazame."

Nikaufungua mlango. Tovuti ikafunguka kwenye simu ya kila mtu, nikapigiwa makofi. "Mkongwe ni mkongwe!" Mchana uleule Elinipa akaambiwa afungashe.

Nilisahau kitu kimoja. Fayawoli ile ikibadilishwa hutuma taarifa kwenye barua pepe ya idara, yenye jina la aliyebadilisha na alichobadilisha, na barua pepe ile tulikuwa tunaisoma wote wawili. Nilimwona akiisoma. Akaisoma tena. Nikasubiri ampelekee Mama.

Hakumpelekea. Akabeba mkoba wake, akaanza kuaga. Alimpa mlinzi shikamoo. Dada wa jikoni, shikamoo. Mama aliyemfukuza, shikamoo. Aliponifikia mimi, niliyekaribia umri wa baba yake, nilishafungua mdomo niitikie marahaba.

Akaniambia, "Mambo."

Kisha akatoka. Nimerudishiwa heshima yangu, nasifiwa kila wiki, na kila sifa inanichoma. Nyumbani Moshono mke wangu anadhani naumwa.

Wewe unayesoma, akija mdogo wako kazini kukuuliza jambo na jibu unalo, mpe siku hiyohiyo, hata kama roho inakuuma. Mimi naandika hapa bila jina kwa sababu kumwambia Mama ukweli kumenishinda. Huu ni mwezi wa tano tangu aondoke. Namba ya Elinipa ninayo, na bado sijapiga.